Fundo Ndani ya Mlango wa Nyuma

Mume wangu anaitwa Fundi Shoti, na jina hilo hakujipa. Alipewa na madereva zamani, kwa sababu gari likiwa na shoti iliyowashinda mafundi wengine, yeye alikuwa anaipata. Miaka ishirini na sita ametengeneza umeme wa magari mbele ya nyumba hii, chini ya mabati manne aliyoyapigilia mwenyewe. Miaka hiyo hiyo mimi nimeshona nguo kwenye chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi, nikisikia kila anachobishana na wateja. Sijawahi kumsikia akisema, "Nimekosea." Labda alisema siku niliyokwenda sokoni.

Kuishi na mtu asiyekosea kunachosha. Sisemi hivyo kwa hasira, hasira ilikwisha mtoto wetu wa pili alipoanza shule. Nasema kama mtu anayesema kwamba ngazi za kwake ni ndefu.

Ana mtindo wake wa kazi. Waya ukikatika, mafundi wengi huusokota, wakauzungushia tepu nyeusi, basi. Yeye kabla ya tepu hufunga maungio kwa uzi wa cherehani, mizunguko saba, kisha fundo lenye vitanzi viwili na mkia mmoja uliorudishwa nyuma. Anasema tepu ikipata joto hulegea, lakini uzi haulegei. Uzi huo ni wangu na hauombi. Huingia, hukata kipande kwa meno kutoka kwenye uzi uliopo kwenye cherehani wakati huo, hata kama niko katikati ya mshono, na kutoka. Kwa hiyo nikishona mapazia ya kijani, magari ya wiki hiyo yanatembea na uzi wa kijani tumboni.

Halafu kuna habari ya macho. Ilianza kama miaka miwili iliyopita. Mita ya kupimia umeme alianza kuishika mbali, mkono umenyooka, shingo imerudi nyuma. Baadaye akaanza kunipa mimi. "Hebu nisomee hapo, mikono yangu ina mafuta." Mikono yake ina mafuta tangu aliponioa, na hajawahi kuhitaji msomaji. Lakini nilisoma. Waya wa kahawia na waya mwekundu akinionyesha, nilimtajia upi ni upi. Neno miwani nililitaja mara moja, akanuna siku tatu, nami sikulirudia. Nikawa macho yake ya bure, na wateja hawakujua.

Mdogo wangu wa kiume ni dereva wa kliniki inayosafisha damu za wagonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki huwapitia majumbani kwao alfajiri, huwapeleka kwenye mashine, huwarudisha. Wagonjwa wenyewe ndio waliomwita Taratibu, kwa jinsi anavyopita kwenye mashimo kana kwamba amebeba mayai. Ni mtu wa maneno machache. Ukimwonea atakuangalia tu, na baadaye utajisikia vibaya wewe.

Gari lake lilianza vituko miezi miwili nyuma. Anakuja asubuhi analikuta limekufa, betri imekauka, na taa ya ndani inafifia juu ya viti. Ndani ya kitasa cha mlango wa nyuma kuna swichi ndogo. Mlango ukifunguliwa, swichi huwasha taa, ukifungwa huizima. Kwa hiyo taa ikikesha inawaka, gari linaamini kwamba mlango wa nyuma ulikesha wazi. Mara ya kwanza walisukuma likawaka, na wagonjwa wakachelewa kidogo. Mara ya pili lilikataa kabisa. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye hukaa kiti cha nyuma kabisa na kuwasimulia wenzake habari za wanafunzi wake, alifika kliniki saa nne badala ya saa kumi na mbili. Maji yalishajaa kifuani. Akalazwa siku tisa.

Baada ya hapo msimamizi wa magari wa kliniki, mama mmoja asiye na mzaha, akalileta gari kwa mume wangu, kama anavyoleta magari yote manne ya kliniki. Mume wangu alifungua kitasa akapima swichi. Nilimsomea namba. Swichi ilikuwa nzima. Akafungua mlango na kuufunga mara kadhaa, taa ikawaka na kuzimika ilivyotakiwa. Akampigia simu yule mama pale pale, Taratibu akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

"Gari halina kasoro," alisema. "Dereva hafungi mlango vizuri. Anausukuma, haubani."

Mimi nilikuwa ninakanyaga cherehani. Nilisimamisha mguu, nikamtazama mdogo wangu kupitia dirishani. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nami, Mungu anisamehe, nilidhani labda ni kweli. Mume wangu hakosei.

Siku tatu baadaye gari likafa tena. Ijumaa Taratibu akapewa barua. Ilimtaka akabidhi funguo Jumatatu, kazi imekwisha.

Jumamosi asubuhi alikuja nalo. Aliliegesha chini ya mabati, akashuka, akaenda nyuma kuusukuma mlango kwa kiganja, ndipo akaja kutusalimia. Alikuwa amekonda.

"Shemeji, naomba uliangalie tena," alisema. "Mara moja tu. Jumatatu si langu tena."

"Nililiangalia," mume wangu akajibu. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha tairi, kikombe cha chai mkononi. "Swichi nzima. Nikaangalie nini kingine?"

"Huwa halifanyi likiwa hapa kwako. Linafanya likilala kule kliniki."

"Kwa hiyo gari linajua liko wapi."

"Kule naliegesha kwenye mteremko. Nyuma kumeshuka."

Mume wangu akacheka puani. "Umeme haujui mlima, shemeji. Maji ndiyo yanajua mlima."

Nikaweka mkasi chini. Sijui ni nini kilichonishika, huenda ni ule uchovu wenyewe. Nilitoka nje na kipimo changu cha utepe bado shingoni.

"Baba watoto," nikasema, "huyu ni baba wa watoto watatu na anafukuzwa kazi kwa neno lako. Inuka. Kama ni mteremko, mtaro ule pale. Tia magurudumu ya nyuma pale tuone."

"Unanifundisha kazi?"

"Nakufundisha kuinuka."

Aliinuka. Shingo upande, lakini aliinuka.

Taratibu akalirudisha gari polepole mpaka magurudumu ya nyuma yakashuka kwenye mtaro mkavu, pua ikatazama juu. Mlango wa nyuma wa gari lile ni mmoja mzima, unaofunguka kwenda juu. Umefungwa, umebana, mimi mwenyewe niliuvuta. Taa ya ndani ilikuwa imezimika. Tukasimama watatu tukichungulia kioo kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Dakika moja. Mbili. Mume wangu alishafungua mdomo kusema neno lake. Gari likajikalia vizuri kwenye springi zake, mlango ukashuka kidogo kwenye bawaba, na taa ikawaka.

Taratibu alifunika uso kwa mikono miwili, akaiteremsha polepole.

Hapo ndipo mume wangu alipogeuka kuwa Fundi Shoti. Ukitaka kumsamehe mambo yake yote, mtazame akiwa anatafuta kasoro. Sauti inashuka. Anakuwa mpole hata kwa bisibisi. Tuliingia wawili ndani kwa mlango wa ubavuni, tukajikunyata nyuma ya kiti cha mwisho, kile cha yule mwalimu, mimi na tochi, yeye na vifaa, huku Taratibu akibaki mbele kwenye usukani. Akabandua plastiki inayofunika mlango kwa ndani, akaipata soketi ya swichi kwa kupapasa, akaichomoa.

"Taa?" akauliza.

"Inawaka."

"Bado?"

"Bado inawaka, baba watoto."

"Basi swichi haimo," alisema. "Swichi imeshatoka na taa haina habari. Waya wa swichi unagusa bodi mahali. Ukigusa bodi, ni sawa na mlango kuwa wazi. Gari lina haki ya kudanganyika."

Nyaya zinazokwenda mlangoni hupita kwenye mpira mweusi wenye mikunjo, kule juu karibu na bawaba. Mlango ukifunguliwa mpira hunyooka, ukifungwa hujikunja. Akaushika mpira ule kwa vidole viwili, akaubinya taratibu kuanzia juu. Alipofika katikati ya mkunjo, taa ikazimika. Akaachia, ikawaka. Akabinya, ikazimika.

"Umeona?" aliita kuelekea mbele, kwa furaha ya kazi, amesahau kabisa ni nani anayemwita na kwa nini. "Tumeikamata!"

Tukatoka, akapandisha mlango juu, akauchomoa ule mpira na kuurudisha nyuma kama mkono wa shati. Nyaya tano zilikuwa ndani. Nne nzima. Wa tano ulikuwa umeungwa, na maungio yenyewe yalikaa pale pale kwenye mkunjo, yamesuguana na ukingo wa bati mpaka tepu ikaisha na shaba ikatokeza.

Akayainua maungio yale, akayasogeza mbali na uso, akakunja macho.

"Tazama," alisema. "Tazama upuuzi wa mtu. Nimewaambia watu mara ngapi, usiunge waya kwenye mkunjo. Unga kabla ya mkunjo au baada ya mkunjo. Huyu alijifunza ufundi kwa kuchungulia uzioni. Bwege huyu anataka kumfukuzisha mtu kazi, na leo yuko kwake anakunywa chai."

Mimi tochi ilikuwa mkononi mwangu. Chini ya tepu iliyochakaa niliona uzi. Damu ya mzee.

Rangi hiyo nimeishona mara moja tu maishani. Ilikuwa mwaka jana shule zinafunguliwa, sare mia moja na ishirini, na uzi ule niliagiza mbali kwa sababu hapa haukuwepo. Nilikumbuka na siku yenyewe. Gari hili hili lilikuwa hapa, taa ya ndani ilikuwa haiwaki. Aliingia akakata uzi kwa meno, nami nikamwambia, ngoja nimalize kola hii nije nikushikie tochi. Akasema, "Nina macho yangu." Nikaudhika. Nikasema moyoni, haya, tumia macho yako. Nikaendelea na kola.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na mdogo wangu upande huu na mume wangu upande huu. Lakini sikuhitaji kusema. Alikuwa anayageuza maungio yale kwenye vidole, na vidole vyake havijazeeka. Nilimwona akihesabu mizunguko. Akafika kwenye fundo. Kitanzi kimoja, kitanzi cha pili. Kidole gumba kikautafuta mkia, kikaukuta umerudishwa nyuma.

Mikono yake ilibaki juu, chini ya mlango wa watu.

"Uzi wa rangi gani?" akaniuliza.

"Damu ya mzee."

"Wa zile sare."

"Wa zile sare."

Taratibu alikuwa amekuja kusimama nyuma yetu. "Shemeji, kuna nini?"

Mume wangu hakugeuka. "Ni mimi," alisema. "Huyo bwege ni mimi."

Nilidhani mdogo wangu atapiga kelele. Mimi ningepiga. Yeye aliangalia ule waya, akamwangalia shemeji yake mgongoni, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kulala, "Mwambie tu swichi imekufa. Badilisha swichi, mambo yaishe. Si lazima ajue."

Na kwa kweli mume wangu alilichukua lile wazo. Simlaumu. Alifuta mikono, akapiga simu, simu ikatoka sauti kubwa kwa sababu bila mimi kumwangalizia kioo chake hajui amebonyeza nini. Akamwambia yule mama kwamba kasoro imepatikana, kuna hitilafu kwenye mlango wa nyuma, dereva hana kosa.

"Fundi," mama akasema, "wiki iliyopita wewe ndiye uliyeniambia gari halina kasoro."

"Ni kweli, mama."

"Na dereva ni ndugu wa mkeo. Leo, siku mbili kabla hajaondoka, kasoro imeonekana. Ungekuwa wewe ungeamini?"

Mume wangu akayashika tena yale maungio, ambayo yalikuwa bado yananing'inia mlangoni.

"Nisingeamini," alisema.

"Basi na mimi siwezi. Nina wagonjwa, fundi. Mtu wa wagonjwa wangu alikaribia kufa."

Nilijua simu inaelekea kukatwa. Taratibu alijua pia, kwa sababu aliondoka akaenda kusimama pembeni, mikono mfukoni, akitazama barabara.

"Mama, subiri," mume wangu akasema. "Waya huo niliuunga mimi mwaka jana. Niliuunga mahali ambapo hata mwanafunzi hatakiwi kuunga. Ulikuwa unasugua kila mlango unapofunguliwa, na gari likilala kwenye mteremko unagusa bodi. Ninalishika fundo langu hapa. Hakuna fundi mwingine anayelifunga."



"Wiki iliyopita hukuliona?" mama akauliza.

"Sikufungua. Nilipima swichi nikaridhika." Akavuta pumzi. "Na ningefungua nisingeliona. Macho, mama. Ya karibu sioni tena. Ni miaka miwili. Mke wangu ndiye anayenisomea."

Sijui nilitazama wapi. Miaka miwili nimengoja kulisikia neno hilo, nikalipanga jinsi nitakavyolipokea kwa kejeli. Lilipokuja nilisikia haya tu, kwa sababu nusu ya kosa lilikuwa langu. Namba nilizomsomea ndizo zilizomfanya aendelee.

"Dereva aje kazini Jumatatu kama kawaida," mama akasema hatimaye. Sauti yake nayo ilikuwa imechoka. "Barua nitaifuta. Lakini magari, fundi, yote manne nitatafuta mtu mwingine. Sina namna."

"Huna namna," mume wangu akakubali. "Nami nisingekupa gari langu."

Alilitengeneza gari hilo la mwisho la kliniki vizuri. Alikata maungio ya zamani, akapitisha waya mpya mzima kwenye mpira, akaunganisha mbali na mkunjo pande zote mbili. Mizunguko saba alizungusha mwenyewe. Fundo alinipa nifunge mimi, akanielekeza kwa mdomo, nami nikakosea mara mbili akasema si kitu. Siku hiyo cherehani ilikuwa na uzi mweupe. Tukaliacha gari kwenye mtaro, mkia chini, saa nzima na zaidi. Taa haikuwaka. Mchana ulishafika na hakuna aliyekuwa na njaa.

Mume wangu akaenda kumkabili mdogo wangu. Hakuzunguka.

"Nisamehe," alisema. "Nilikusema vibaya mbele yako, na kosa lilikuwa langu."

Taratibu akatikisa kichwa, si kwa kukataa. "Mimi nilishaamini, shemeji," alisema. "Nilikuwa nakumbuka mkono wangu ukiufunga, asubuhi naambiwa haukufungwa. Nikasema basi nina kasoro kichwani. Nilikwenda hospitali kwa yule mwalimu, nikapiga magoti nikamwomba radhi."

"Akasemaje?"

"Alisema amenisamehe."

Taratibu akampa mume wangu mkono, akanipa na mimi, akasema, "Dada, asante," akaondoka kuelekea kwenye gari.

Mume wangu akarudi kwenye kiti chake cha tairi. Nilisimama mlangoni na utepe wangu shingoni. Kutoka hapo mpaka kwenye mtaro ni hatua thelathini, umbali anaouona bila shida, lakini alikuwa amefumba macho na kuyabinya kwa vidole.

"Ameondoka?" akauliza.

"Bado."

"Anafanya nini?"

Taratibu alikuwa amekwisha kuufunga mlango wa nyuma na kuusukuma kwa kiganja. Alikwenda mpaka mlango wa dereva, akaushika, akauachia. Akarudi nyuma. Akausukuma tena, akainama kuchungulia taa kupitia kioo. Akaondoka hatua nne, akasimama, akarudi.

Nilifikiri kumwambia kwamba anafuta kioo. Nilikuwa na mazoea ya kumkinga.

"Anaangalia kama mlango umefungwa," nikasema. "Hii ni mara ya tatu."